Mama Aliyeogopa Kusema Amechoka

Cherehani ilikuwa kimya tangu asubuhi. Sketi ya shule ilikuwa imekatwa na kubanwa pini, bado kushonwa. Fundi mwenyewe alikaa kitini, mtoto amelala mapajani. Hakuthubutu hata kunyoosha mguu.

"Mlaze kitandani, umalizie kazi," alisema mumewe. Yeye ni fundi rangi. Alikuwa amerudi kula chakula cha mchana, rangi nyeupe imemkaukia kwenye nyusi.

"Akilala huko sitasikia anavyopumua."

"Kitanda kiko hatua tatu tu."

"Hatua tatu ni mbali."

Mume akacheka kidogo. Alikuwa akimwita mtoto wao Mheshimiwa, kwa sababu akilala nyumba nzima hunyamaza, na akilia wote hukimbia.

"Basi nipe mimi nimshike Mheshimiwa."

"Una rangi mikononi."

"Nimenawa."

"Utamwamsha."

Mume akaendelea kula. Mtoto alikuwa na miezi mitano. Baba yake alikuwa bado hajamshika kwa zaidi ya dakika chache.

Walimsubiri kwa miaka kumi na moja. Miaka yote hiyo mama alishona nguo za watoto wa wenzake. Alipimwa, akanywa dawa, mimba mbili zikaharibika. Mtoto alipozaliwa, majirani walimwambia, "Sasa pumzika, umefika." Lakini yeye hakupumzika. Siku moja alimwambia wifi yake kwamba hapati usingizi.

"Si ulimlilia mwenyewe?" wifi alijibu. "Wenzako wangekesha wakicheka."

Tangu hapo hakulalamika tena. Moyoni aliogopa jambo moja. Akisema amechoka, Mungu atamsikia na kumchukua mtoto.

Jumatano alikwenda kliniki. Muuguzi, mwanamke wa makamo, alifungua kadi ya mtoto.

"Mwezi wa tatu hakupimwa uzito. Mwezi wa nne hakupimwa. Kulikoni?"

"Alikuwa amelala."

"Mara zote mbili? Huyu atakuwa mlinzi wa usiku."

Akina mama kwenye benchi wakacheka. Muuguzi alimvisha mtoto suruali ya kupimia, akamning'iniza kwenye mizani. Mshale ukachezacheza, haukutulia. Mama alikuwa ameweka mkono chini ya mtoto.

"Mwanangu, hapa tunapima mtoto. Mkono wako tutaupima siku nyingine. Mwachie kidogo."

Alitaka kumwachia. Mkono ulikataa. Akaanza kulia pale pale, mbele za watu.

Muuguzi alimtoa mtoto kwenye mizani, akampa mama yake. Akawapeleka chumba cha ndani, akafunga mlango.

"Jana ulilala saa ngapi?"

"Sina shida yoyote."

"Sikuuliza shida. Nimeuliza usingizi."

Mama aliinamisha kichwa. "Nikisema, atanisikia."

"Nani?"

Alionyesha juu kwa kidole. Muuguzi hakucheka.

"Mwanangu, ya huko juu mimi siyajui yote. Lakini kama anasikia, basi na macho hayo mekundu ameshayaona. Sema tu."

Mama alimvuta mtoto kifuani.

"Nimechoka," mama alisema. "Kuna siku natamani nifunge mlango niondoke. Halafu najichukia. Nilimwomba mwenyewe."

Akamtazama mtoto haraka. Mtoto alikuwa akinyonya kola ya gauni lake, hana habari.

"Mtu aliyepoteza mara mbili huzoea kupoteza," alisema muuguzi. "Mtoto ameshafika, lakini hofu yako haijapata habari. Uchovu si utovu wa shukrani. Unaweza kumpenda mwanao na kuchoka naye siku hiyo hiyo. Mlaze chali, kwenye godoro gumu, bila mito. Mpe baba yake zamu, ulale. Jumatatu nataka nikuone tena. Lakini ukikosa usingizi hata mtoto anapolala, au ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru yeye, usingoje Jumatatu. Njoo siku hiyo hiyo. Huo ni ugonjwa, na una tiba."

Alipofika nyumbani alimweleza mumewe yote. Mume alimsikiliza hadi mwisho.

"Mimi nilidhani huniamini," alisema. "Na mimi naogopa. Nikiwa juu ya ngazi napaka dari, nawaza huku tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe je?"

Wakatazamana, wakacheka. Kisha mama akanyoosha mikono na kumpa mtoto.

"Shika kichwa."

"Nimeshika."

"Shika vizuri."

"Mama, nenda ukalale."

Alijilaza chumbani. Mtoto akalia. Mama aliinuka, akakaa ukingoni mwa kitanda, vidole vimebana shuka. Sebuleni baba alianza kumtajia mtoto rangi zake, polepole, kama anayeimba: nyeupe, maziwa, kijivu, bluu ya bahari. Kilio kikapungua. Mama akajilaza tena.

Alipoamka jua lilikuwa limehamia dirisha la pili. Mumewe alikuwa akitembea sebuleni na mtoto begani, shati limelowa mate.

"Alilia mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Sikusikia hata moja," mama alisema taratibu.

Alimsogelea mtoto. Mtoto alimtazama, kisha akamchekea kwa ufizi mtupu. Alikuwa mzima kabisa.

"Bado nimechoka," mama alisema kwa sauti, dirisha likiwa wazi. "Mshike kidogo tena, nikaoge."