Bei ya Jini wa Ziwa

Kadi haikukauka. Ashura aliianika juani mara tatu, na kila alipoiokota vidole vyake vilinuka matope na magamba ya samaki.

"Wino wako mbovu," kaka yake, Gharib, alimcheka.

Ulikuwa mwaka ule Warundi walipojaa Kagunga, kijiji cha ufukweni mpakani, wakingoja meli ya Kigoma. Lyse, aliyetangulia kuvuka, alihifadhiwa nyumbani kwa kina Ashura, Katubuka. Mama yake bado alikuwa kule Kagunga. Mchana watatu hao walicheza kadi za vita walizozichora wenyewe kwenye maboksi: Askari, Mvuvi, Mkimbizi. Sasa Ashura alikuwa ameongeza Jini wa Ziwa, nguvu tisa.

"Huyo anaua mchezo," Gharib alilalamika. "Mpe bei."

Ashura akaandika: Anayemtoa Jini, atupe Mkimbizi mmoja.

"Kwa nini mkimbizi?" Lyse aliuliza.

"Si ana nguvu sifuri?" Ashura alimjibu. "Usilete siasa, mdogo wangu."

Gharib akamtoa Jini, akatupa Mkimbizi. Jioni habari zikafika: mkimbizi mwanamke amezama Kagunga, kwenye maji ya magotini. Kesho yake wakacheza tena, akazama mwingine. Ashura akafuta tisa, akaandika mbili, tisa ikarudi. Wakaichoma kadi. Wakaikuta mezani, inachuruzika maji.

Akaitwa Mzee Hamdani, mganga wa Ujiji. Aliinusa bila kuigusa.

"Nguvu hajali," alinong'ona. "Kashika bei, na sasa anajichukulia mwenyewe kila alasiri. Andikeni bei nyingine ya uzito uleule. Mtu kwa mtu."

Gharib akatazama dirishani. Ashura, aliyempa Lyse nusu ya kitanda chake, akaifunika kalamu.

"Tusubiri kidogo. Labda mama yako keshapanda meli."

"Hajapanda, dada! Mana yanje, Mungu wangu, hajapanda!"

Adhana ya alasiri ilipokwisha, harufu ya matope ikajaa chumbani, na kutoka pale mezani, pasipo na mtu, nyayo za maji zikaanza kujichora sakafuni, moja mbele ya nyingine, taratibu kama za anayejua anakokwenda, zikapita katikati yao, zikavuka kizingiti, zikateremka barazani kuelekea ziwani.

Lyse akampokonya Ashura kalamu, akakata neno Mkimbizi kwenye kadi, akaandika Mwenyeji.

"Lyse! Si sisi tuliokupokea?"

"Mlinipokea, kisha mkatufanya bei."

Mzee Hamdani, mwenyeji naye, alikuwa wa kwanza kuukimbilia mlango na kukaza komeo. Nje nyayo zilisimama. Zikageuka. Zikapanda barazani, na hodi haikupigwa.