Bahasha Ndani ya Debe la Mbegu

Jumatano hiyo Zita alikuwa anachagua maharage ya mbegu pamoja na mama yake, Fransiska. Mvua zilishaanza kijijini Gitting, kila nyumba inakimbizana na shamba. Zita akazamisha mkono ndani ya debe. Akagusa karatasi, akaivuta.

Ilikuwa bahasha yake. Fomu ya chuo cha uuguzi Arusha na fomu ya kuomba ufadhili, zote zimo humo. Wiki tatu zilizopita alimpa mama aipeleke Posta Katesh.

Akamwonyesha mama.

"Mama. Hii haijaenda?"

"Ingeendaje bila baraka?" Fransiska alijibu, hata kichwa hakuinua. "Jumapili Padri amebariki mbegu, na bahasha ilikuwa humo humo. Ijumaa nikienda mnadani naipitisha Posta. Si ulisema mwisho tarehe kumi na mbili? Ijumaa ndiyo kumi na mbili."

Bila ufadhili hakuna chuo. Ng'ombe wa baba walibaki wawili tu. Zita akachomoka na bahasha mpaka kwa jirani, Mzee Severine, aliyefanya kazi Posta miaka ishirini kabla ya kupunguzwa kazini. Mama akamfuata nyuma.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona unahema kama umekimbizwa na fisi?"

Zita akaeleza. Mzee akatoa karatasi ya maelekezo ndani ya bahasha. "Hebu soma hapa."

Zita akasoma: "Maombi yapokelewe chuoni kabla ya saa tisa alasiri, tarehe 12 Novemba."

"Umesikia? Yapokelewe. Haijasema yatumwe. Barua ikitoka Katesh inangoja gari, inalala mjini, inachambuliwa. Wiki nzima, pengine mbili. Ukiituma Ijumaa, itafika wenzako wameshachaguliwa."

Fransiska akakaa chini palepale kwenye majani mabichi. "Yaani ni mimi nimemfungia mwanangu mlango?"

"Bado, mama Zita. Ungeituma kwa rejista wiki zile tatu, ungepewa risiti, saa hizi unalima zako. Leo imebaki njia moja: iende na mtu. Tena asiiache getini. Atoe kopi ya fomu, agongewe muhuri kwamba wamepokea."

Alhamisi alfajiri baba, Tluway, akapanda basi, bahasha ameifunga kwenye nailoni chini ya shati. Zita hakula siku ile. Ijumaa pia.

Jumamosi jioni baba akaingia, matope mpaka magotini. Akatoa kopi. Muhuri ulikuwa wa tarehe 12.

"Gari limeharibika, tumelala njiani," alisema. "Nimefika saa nane na nusu. Karani alishaanza kufunga daftari."

Zita akautazama muhuri. Ilibaki nusu saa.

Katikati ya Desemba barua ya chuo ikafika. Zita amechaguliwa, na ufadhili amepata. Baba akaisoma mara mbili. Zita mwenyewe alibaki ameshika mlango kama mgeni.

Fransiska ndiye aliyeuliza. "Wanataka uripoti lini?"

"Tarehe kumi Januari."

"Ya kuondoka au ya kufika?"

"Ya kufika, mama."

"Tarehe saba uko njiani," alisema Fransiska, akaenda kwa jirani kuazima begi.