Mtungi wa Mama na Salamanda wa Tumbo la Moto

Enyi jirani zangu wa Kambu, nanyi ndugu mkaao kandokando ya barabara kuu, nipeni masikio yenu kwa subira, kwani haya yalitokea miongoni mwetu sote tukitazama.

Nyuma ya soko palikuwa na boma la mjane aitwaye Syombua na mwanawe wa pekee, Musembi. Mjane huyo alikuwa na mtungi wa udongo alioufinyanga ujanani mwake, nao ulikaa kivulini juu ya mchanga wenye unyevu. Kila alfajiri Musembi aliteka kata ya kwanza, akampa mama yake kwa mikono miwili. Mama hunywa, kisha husema, "Sasa nimeamka."

Musembi akaenda Mombasa kufanya kazi nyumbani mwa mgeni wa ng'ambo. Mgeni yule aliporejea kwao, Musembi naye alirudi Kambu, mwaka ule wa themanini na nne mvua zilipotunyima, amekumbatia sanduku la kioo aliloachiwa na mgeni huyo. Ndani mliogelea salamanda, viumbe mfano wa mijusi, mgongo mweusi kama kaa, tumbo jekundu kama moto.

"Hawa wadogo wenye ngozi laini ni wa Uchina," alitueleza. "Huyu mkubwa mwenye ngozi ya kukwaruza ni wa Japani. Msiwaguse, ngozi yao ina sumu. Na maji yakipata joto, wanakufa."

Watu wakamiminika kuwaona. Musembi, ambaye hapo awali hakutazamwa na mtu, akatazamwa.

Lakini joto letu mnalijua. Kioo kikawaka, salamanda wakalegea. Musembi akakumbuka mahali pamoja tu penye maji baridi. Akauchukua mtungi wa mama yake hadi nyumba yake mwenyewe, akatia jiwe la kupumzikia, akaufunika kwa wavu wasipande na kutoroka. Mama akaachiwa jerikeni lililoshinda juani.

"Mwaitu," alimwambia, akimwita mama kwa Kikamba, "maji ni maji. Wewe jua hili umelizoea. Hawa ni wageni."

"Mgeni hunyweshwa, mwanangu," akajibu Syombua, "lakini mwenye nyumba hanyang'anywi kata mdomoni."

Kila asubuhi Musembi aliyapima maji kwa mgongo wa mkono, akawalisha minyoo aliyoichimbua, akawasemesha kwa upole. Mama, ameketi peke yake mlangoni pake, husikia sauti ile akadhani anaitwa. "Naam?" huitika. Hapakuwa na wa kumjibu.

Nthenya, jirani aliyeteka maji kwa punda, alimtania, "Musembi, mabibi-arusi wako wa Uchina wameamkaje?"

"Wameamka vyema. Yule mdogo amekula minyoo miwili."

"Na mama yako?"

"Yuko."

Lipimeni neno hilo, wenzangu. Yuko!

Siku moja Syombua alishikwa na homa. Akaita, "Musembi, nipe maji ya baridi, kifua kinawaka."

"Ngoja kidogo, mwaitu, nawabadilishia hawa."

Akangoja. Kivuli kilipokwisha mlangoni, alichukua kibuyu akajikokota hadi mto mkavu, ambako watu huchimba mchangani kutafuta maji yaliyopoa. Nthenya ndiye aliyemkuta, amelala kando ya kishimo kifupi, mchanga mbichi ndani ya kucha, kibuyu kitupu.

Musembi akaja mbio. Akapiga magoti, akamwekea mama mgongo wa mkono juu ya paji la uso, kama alivyozoea kuyapima maji. Lilikuwa limekwisha kupoa.

Baada ya maziko aliwarudisha salamanda katika kioo, akausugua mtungi kwa majivu, akaurejesha mahali pake. Hata leo kila alfajiri huteka kata ya kwanza, akasimama mlangoni pa mama yake, ameishika kwa mikono miwili. Kisha huimwaga. Na salamanda wale wangali hai, kwani umri wao ni mrefu, wala hawajui kuitika.

MAFUNZO

Sisemi kiumbe asitunzwe, kwani naye ana haki mbele ya Muumba wake. Nasema usijifunze kiu ya mgeni ukaisahau ya aliyekuzaa. Mzazi hadai; huita mara moja, kisha hunyamaza. Ukisikia akiita, acha ulilonalo mkononi.

Mnyweshe wako mzazi, angalipo duniani;
Chozi halizimi kiu, ya aliye kaburini.