Zamu ya Klemens

Lorena aliweka penseli katikati ya meza mpya ya ufundi, akageuka kuchukua kikombe chake cha kahawa, na alipogeuka tena penseli ilikuwa inabingirika yenyewe. Ilikwenda taratibu, ikifuata ubao mmoja mwembamba, ikafika karibu na ukuta na kusimama hapo kabla ya kuanguka. Akairudisha. Ikaenda tena.

“Roman, meza yako imeinama.”

“Haijainama. Nimeipima.” Mumewe alileta pima maji, akailaza juu ya mbao. Kiputo kikatulia katikati kabisa. “Unaona? Kama kuna kilichoinama humu ndani basi ni wewe. Kanywe kahawa yako.”

Lorena alicheka. Alikuwa na mume wa kucheka naye, na mpaka leo jambo hilo lilikuwa bado linamshangaza. Alfajiri moja moja huamka akamtazama Roman anavyokoroma, akaona kama kapewa kitu kwa makosa, wenyewe watakuja kukidai.

Mbao zile zilitoka kwenye ukumbi wa mzee Zielke wa bolingi, mchezo wa kubingirisha tufe kwenye njia ya mbao ili kuangusha pini, uliokuwa chini ya baa, upande wa kusini wa Milwaukee. Ukumbi ulipobomolewa, Roman aliwahi kabla mbao hazijatupwa. Akaikata njia ya nne vipande vipande na kuvileta kwenye karakana yao nyuma ya nyumba. Njia ya bolingi si ubao mmoja. Ni vipande vyembamba vya mti mgumu vilivyosimamishwa wima na kupigiliwa misumari ubavuni, kila kimoja kimemng'ang'ania mwenzake, na fundi asiyeijua atapeleka msumeno wake ukang'oke meno. Kazi ya Lorena ilikuwa kutafuta misumari kwa sumaku na kukwangua vanishi ya zamani. Kazi ya Roman ilikuwa kukata na kuunga miguu. Watu walizigombea meza zao. Nani asiyependa kugonga nyundo juu ya mbao alizochezea baba yake?

Kipande kizuri kuliko vyote Roman hakukiuza. Kilikuwa kile cha mwanzo, chenye vidoti vya kuonyesha mchezaji aweke wapi miguu. Hicho alikifanya meza yake mwenyewe. Na hapo, kwenye vidoti hivyo, ndipo alipoangukia Klemens.

Klemens alikuwa mume wa kwanza wa Lorena. Alikuwa amerusha tufe la kwanza, ikabaki pini moja imesimama. Akachukua tufe la pili kwa mkono wake wa kushoto, akapiga hatua, moyo ukasimama. Timu yake, na Roman akiwamo, haikumfuta. Katika ligi yao mchezaji asiyekuwepo huitwa jina zamu yake inapofika, watu hunyamaza kidogo, kisha hupewa pointi za wastani wake. Wastani wa Klemens ulikuwa mkubwa kuliko wa mtu yeyote pale. Basi kila Alhamisi jioni, miaka nenda miaka rudi, Roman alisimama na kuita, “Klemens!” Wenzake wakainua glasi za brandi, pointi zikaandikwa, na timu ikaendelea kubeba vikombe. Walisema wanamuenzi.

Lorena alipewa pole nyingi kanisani na zote akazipokea. Watu walimsifu kwa kutolia, wakasema huyu mama kajikaza kweli. Hakuna aliyejua, au ndivyo alivyoamini, kwamba jioni ya msiba alilala katikati ya kitanda kwa mara ya kwanza, akanyoosha mikono huku na huku, akalala fofofo. Michubuko ya mwisho ilipona baada ya mazishi.

Baada ya penseli vikaja vishindo. Ilikuwa Alhamisi, theluji inaanguka, na kwa kuwa majira ya baridi giza huingia mapema, taa za karakana zilishawashwa. Roman alikuwa ameondoka kwenda kucheza. Siku hizi timu ilihamia ukumbi mpya huko nje ya mji. Lorena alikuwa anapiga msasa peke yake. Akasikia kitu kizito kinabingirika, chini chini, kikitokea upande wa ile meza ya Roman, ngurumo ndefu inayopita ndani ya mbao, kisha pini zikaanguka kwa pamoja kule ambako hakukuwa na pini wala nafasi ya pini, ila ukuta tu na makoti yaliyotundikwa. Halafu harufu. Mafuta ya kupaka njia za bolingi, viatu vya kukodi, brandi, na vitunguu vya siki alivyokuwa akivila Klemens moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

Alizima taa akakimbia na msasa mkononi. Hakumwambia Roman. Angeanzia wapi?

Lakini Roman mwenyewe akaanza kubadilika. Kwanza alishika nyundo kwa mkono wa kushoto, akapiga misumari bila kukosea hata mmoja. “Tazama,” akasema, “uzee umenipa mkono wa pili!” Lorena akajaribu kucheka, mdomo ukakataa. Kisha akaanza kula vitunguu vya siki, yeye ambaye harufu yake tu ilikuwa ikimfukuza mezani. Kisha, Jumapili moja, wakiwa wamesimama mlangoni mwa kanisa, Lorena akizungumza na jirani, Roman alipitisha vidole nyuma ya mkono wake, juu kidogo ya kiwiko, pale ambapo shati lolote hufunika, akafinya, akazungusha nyama huku anatabasamu na kumuuliza jirani habari za wajukuu, na Lorena akatabasamu pia, kwa sababu mwili haukuwa umesahau kwamba ukifinywa hapo unatakiwa kutabasamu.

Garini alimuuliza, “Kwa nini umenifinya?”

“Nani? Mimi?” Roman alimtazama kwa uso wake ule ule wa upole. “Mke wangu, mimi niliwahi kukufinya lini?”

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililomtisha Lorena kuliko maumivu yenyewe.

Wiki hiyo mteja mmoja akairudisha meza. Alikuwa Tou Lor, fundi wa baiskeli, kijana mwenye adabu zake, Mhmong, wa wale waliohamia mjini kutoka milima ya Laos. “Samahani sana, mama. Meza haina kasoro. Ila mama yangu kasema isilale ndani kwetu hata siku moja.” Nyuma yake akaingia huyo mama yake, bibi mfupi, amezama ndani ya koti kubwa. Huyo ndiye Mama Ka Ying, ambaye Wahmong wa upande ule humwita roho ya mtu inapopotea ili airudishe mwilini. Hakuitazama meza iliyorudishwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile ya Roman, akaweka kiganja juu ya vidoti, akakiondoa upesi.

“Humu kuna mtu,” akasema.

Ukitaka sema jini, ukitaka sema mzimu. Lorena hakuuliza ni nini, kwa sababu alikijua kwa jina.

“Tuichome, mama?” akanong'ona.

“Choma. Utakuwa umemnyima pa kukaa tu. Huyu hakujileta mwenyewe, mwanangu, huyu anaitwa. Mimi kuita ndiyo kazi yangu, nasimama mlangoni na yai na ubani, naita jina mpaka roho isikie. Najua aliyeitwa anafananaje. Nani anamwita?”

“Mume wangu. Na wenzake. Kila Alhamisi.”

“Kila Alhamisi!” Bibi akatikisa kichwa. “Na mnashangaa kaja?”

“Wanampa zamu yake. Ni mambo ya mchezo tu.”

“Na yeye kakubali. Sasa zamu ya mtu aliyekufa ataichezea kwa mwili upi? Ataingia kwa yule anayemwita kwa sauti kubwa. Nenda kawaambie wamwachie. Waseme kwa midomo yao, mmoja mmoja, kwamba zamu yake imekwisha. Wasiposema, mumeo atapungua na yule atajaa.” Akamshika Lorena mkono, pale pale juu ya kiwiko, lakini kwa upole, kama mtu aliyeuona uchungu kupitia shati. “Usichelewe.”

Alhamisi Lorena alivaa koti akaendesha gari mpaka ukumbi mpya. Timu ilikuwa imekaa, viatu vimeshafungwa, soseji na bia mezani. Delbert, nahodha wao, mwanamume wa tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi, alimpokea kwa mikono miwili.

“Shemeji! Leo umetukumbuka! Roman, mke kaja kukuchunga!”

“Nimekuja kuomba kitu,” Lorena akasema. “Mumtoe Klemens. Msimwite tena.”

Delbert akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. “Shemeji, unataka tumzike mara ya pili? Tena mwezi ujao kuna fainali. Bila pointi za Klemens tunakwenda mkiani, nakwambia ukweli.”

“Alikuwa ananipiga, Delbert.”

Hakuwahi kulitamka kwa mtu yeyote. Aliposikia limetoka, alingoja jambo fulani litokee, mtu ashtuke, mtu aweke glasi chini. Wanaume wakatazama viatu vyao. Mmoja akavuta sahani ya soseji karibu yake. Hapo ndipo Lorena alipoelewa kwamba hakuna aliyepata habari mpya.

“Mtu keshakufa, shemeji,” Delbert akasema kwa sauti ya chini. “Mwache apumzike.”

“Ndicho ninachowaomba! Mwacheni apumzike!”

“Watu wanatutazama,” akasema mwingine. “Roman, zamu imefika. Ita.”

Roman alisimama. Alimtazama mkewe, akawatazama wenzake, akamtazama tena mkewe, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba asilazimishwe kuchagua. Kisha akaita.

“Klemens!”

Glasi zikainuliwa, na katika ule ukimya Lorena aliuona mkono wa kushoto wa Roman ukishuka wenyewe kwenye matufe, ukipita juu ya lake mwenyewe, ukichagua zito kuliko yote, vidole vikiingia kwenye matundu kwa mazoea ya miaka, wakati kichwa chake kimegeukia upande mwingine kabisa, kinamtazama yeye, macho yamemtoka kwa hofu, na mwili ukaanza kupiga hatua kuelekea mstarini kwa mwendo ule wa kujivuna alioujua Lorena kutoka mbali, kutoka jikoni, kutoka kitandani, mwendo aliojifunza kuuhesabu kwenye ngazi ili ajue usiku utakuwaje. Tufe likaenda. Pini zikaanguka, ikabaki moja.

“Huyo hapo!” Delbert akapiga makofi. “Umeona? Kama yeye mwenyewe!”

Roman alirudi nyumbani mapema usiku huo, akamkuta Lorena karakanani. Begi la Lorena lilikuwa tayari garini. Alikuwa ameacha mlango wazi na theluji ilikuwa inaingia mpaka kwenye vumbi la mbao.

“Ulijua?” akamuuliza.

Roman hakujifanya hakuelewa. Kwa hilo tu, Lorena alimpenda kidogo. “Tulijua wote,” akasema. “Ulikuwa unakuja na miwani ya jua wakati wa theluji. Lakini ingekuwaje, Lorena? Ilikuwa nyumba ya mtu.”

“Na alipokufa ukaendelea kumwita.”

“Alikuwa mchezaji bora kati yetu.”

“Basi sikiliza.” “Hapa tuko wawili tu, hakuna wa kukucheka. Sema zamu yake imekwisha. Sema wewe kwanza, wengine tutawafuata. Mimi nakutaka wewe, Roman. Wewe ndiye mume niliyemchagua. Sema.”

Roman alifungua mdomo. Lorena aliyaona maneno yakija, aliona midomo ikijiandaa, na kwa muda huo mfupi aliamini. Kisha Roman akajikuna shingoni, akatazama pembeni, kwenye rafu ya vikombe, vikombe vyote vile vilivyong'aa.

“Baada ya fainali,” akasema. “Ni mwezi ujao tu. Baada ya fainali nitasema, nakuapia.”

Ngurumo ikaanza ndani ya mbao. Ilikuja polepole, ikapita chini ya mikono ya Roman aliyokuwa ameiegemeza mezani, ikapanda mabegani, na Lorena akauona uso wa mumewe ukilegea, ule upole ukitoka kwenye mashavu, kidevu kikiinuka, kichwa kikiinama kidogo upande kama cha mtu anayepima pini iliyobaki, na harufu ya brandi na vitunguu ikajaa chumba, na mkono wa kushoto ukajikunja na kujikunjua juu ya vidoti, bila haraka, mkono wenye muda wote duniani, mpaka sauti ikatoka, sauti nzito ya kifuani ambayo mara ya mwisho aliisikia akiwa mjane mtarajiwa.

“Funga mlango, mke wangu. Hatutaki majirani wasikie.”

Miguu ilitaka kutii. Ilipiga hatua moja kuelekea mlangoni, kwa mazoea, na mkono ukashika kitasa. Lorena alikitazama kitasa. Halafu akapita, akauacha mlango wazi kabisa, taa zote zikimwagika nje kwenye theluji, na akatembea hadi garini. Nyuma yake aliitwa kwa sauti mbili, moja ya amri, nyingine ndogo, ya mbali, inayolia jina lake.

Aliwasha gari. Safari hii hakungoja mtu afe.