Pampu Iliyonguruma Tangi Kavu

Mwaka ule wa ruksa ya biashara, maduka ya mjini Same yalijaa bidhaa, na sisi wa kijiji cha Maore tukajaa wezi. Leo plau, kesho bomba la dawa. Mimi wakaniibia pampu ya maji, vitunguu ndiyo kwanza vinatunga. Siku kumi bila maji, shamba kwisha.

Kituo cha polisi wakataka risiti. Mgambo Majaliwa akacheka: "Bibi, pampu imeota miguu?"

Nilikasirika mpaka nikatangaza kisimani kwamba mwizi ni jirani yangu Stumai. Ushahidi? Sikuwa nao. Ila Stumai ana mdomo, na mimi ninao.

Nikapanda mlimani kwa mzee Eliezeri, anivunjie chungu cha kumwapiza mwizi.

"Mama Hezroni," akaninong'oneza, "mtaje mwizi peke yake. Usiongeze neno."

Sikutosheka. Nilimtaka na mama yake Stumai, kile kikongwe kilichoninyima chumvi. Chungu kilipoinuliwa nikapaza sauti:

"Na tumbo lililomzaa!"

Pwaa!

Eliezeri hakunitazama tena.

Siku ya saba, jua likizama, nilitoka kumfungua mbuzi malishoni. Nikaisikia.

Du-du-du-du…

Pampu yangu! Naijua, ina kikohozi. Harufu ya dizeli ikanijaa puani. Nikaifuata sauti mbio, mbuzi nikamsahau. Nikafika kwa Stumai…

Kimya tu kwake. Sauti iko mbele.

Ikanifikisha kwenye banda la mwanangu Hezroni.

Ndani, kitu kimefunikwa kanga niliyompa mkwe wangu Koleta. Nikafunua. Pampu. Na alama yangu ya patasi ubavuni. Nikaigusa.

Ya baridi. Tangi kavu. Buibui ameshatanda juu yake.

Du-du-du-du…

Hezroni alisimama mlangoni.

"Mama… nilitaka kuiuza, nikashindwa. Sijaiwasha hata mara moja."

"Sasa kinachonguruma ni nini?"

Alikuwa ananitazama tumboni.

Nikaweka kiganja pale. Kikatikisika.

Vitunguu vilipata maji, Stumai nilimwomba radhi mbele ya watu. Nikarudi kwa Eliezeri. Alisikia hatua zangu, akafunga mlango.

Na jioni, tukiketi jikoni, Koleta huacha kumenya ndizi, akageuza sikio upande wangu.

"Mama," ananong'ona, "hiyo pampu… mbona haizimwi?"