Idrisa na Mfuko wa Kupuliza

Saada aliweka chakula mezani. Wali mweupe usio na nazi. Viazi vya kuchemsha. Glasi ya maziwa. Alikitazama chakula hicho, akaguna.

"Hiki ni chakula cha wodini," alisema.

"Ndicho tumbo langu linachokitaka," alijibu mume wake, Idrisa.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2013. Idrisa na Saada walitoka Tanga. Binti yao, Nasra, alibaki huko kwa bibi yake, akisoma. Wao waliishi Umm Salal, kaskazini mwa Doha, nchini Qatar, katika villa kubwa iliyogawanywa vyumba vingi. Kila familia ilikuwa na chumba chake, lakini jiko lilikuwa moja. Saada alifanya kazi katika shule ya watoto wadogo. Idrisa aliendesha basi la wafanyakazi. Asubuhi aliwapeleka Lusail, mji mpya uliokuwa ukijengwa. Jioni aliwarudisha.

Idrisa alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Lakini siku hizi tumbo lilimpunguzia kicheko. Akikaa na njaa, lilimchoma chini ya kifua. Akilala, lilimwamsha. Mfukoni hakukosa vidonge vya kiungulia. Alivitafuna kama karanga. Vilimtuliza kidogo, kisha moto ukarudi.

Yeye alikwisha kumpata mkosaji. Mkosaji alikuwa chakula. Kwanza alipiga marufuku pilipili. Kisha maharage. Kisha ndimu, nyanya na chai ya rangi. Juzi alipiga marufuku vitunguu. Saada, ambaye tumbo lake lilikuwa zima kabisa, naye akawa anakula viazi vya kuchemsha kama mfungwa.

"Mwezi ujao utapiga marufuku maji," Saada alimwambia.

"Nicheke tu, mke wangu. Lakini unajua ninachokitafuta."

Saada alijua. Ramadhani ingeingia mwezi wa saba, katikati ya joto kali. Miaka miwili mfululizo Idrisa hakufunga. Daktari alimkataza, na dini inamruhusu mgonjwa kula. Idrisa alilijua hilo vizuri. Hata hivyo, moyo ulimuuma. Abiria wake walishinda juani na saumu zao, naye alikula mkate ndani ya basi, pazia limefungwa. Aliona aibu mbele ya watu ambao hata hawakumuuliza. Mwaka huu alitaka kufunga kama wenzake. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Jirani yao mmoja aliitwa Peninah. Alikuwa nesi kutoka Kenya, mwanamke mchangamfu asiyeweza kupita jikoni bila kufunua sufuria ya mtu. Jioni hiyo alifunua sufuria ya Saada.

"Mama Nasra, kwani nani mgonjwa hapa?"

"Muulize shemeji yako," Saada alijibu. "Ana vidonda vya tumbo. Mimi ndiye nasingiziwa. Ati pilipili yangu."

"Sijakusingizia," Idrisa alisema. "Nimesema tu pilipili ndiyo iliyonichimba. Pilipili, na mawazo ya maisha."

Peninah alivuta kiti, akaketi bila kualikwa.

"Baba Nasra, nani alikwambia una vidonda?"

"Nilipimwa Dar kabla sijaja huku. Nilimeza mpira wenye kamera. Wakaona kidonda. Wakanipa dawa ya kupunguza asidi. Nikapona. Dawa ilipoisha, maumivu yakarudi."

"Walitafuta bakteria?"

"Bakteria gani tena, shemeji? Hiki ni kidonda, si homa ya matumbo."

Peninah alitabasamu. Swali hilo alilizoea.

"Sikiza. Zamani hata madaktari walifikiria kama wewe. Walisema vidonda ni mawazo na pilipili. Halafu madaktari wawili kule Australia wakapata bakteria ndani ya tumbo za wagonjwa. Watu wakawacheka. Wakasema tumbo lina asidi kali, hakuna kiumbe inaweza kuishi huko. Unajua mmoja wao alifanya nini? Alikunywa hao bakteria yeye mwenyewe."

"Astaghfirullah!" alisema Saada. "Kwa hiari yake?"

"Kwa hiari yake. Tumbo ikavimba ndani, akaanza kutapika. Wakapima, wakawapata bakteria. Akameza dawa. Mwaka wa 2005 hao wawili walipewa tuzo kubwa ya dunia, Nobeli."

Idrisa alisahau maziwa yake. "Sasa huyo bakteria anaishije kwenye asidi?"

"Ni mjanja. Tumbo ina ute mzito. Huo ute ndio hukinga nyama isichomwe na asidi. Bakteria anajichimbia ndani ya ute. Anatengeneza kitu cha kupoza asidi iliyo karibu naye. Amejijengea nyumba yake, amekaa. Lakini akikaa, ule ute unaharibika. Asidi inafika kwa nyama. Inachoma. Hapo ndipo kidonda hutokea. Jina lake ni helikobakta."

"Na nimempata wapi?"

"Pengine ulimpata ukiwa mtoto. Anapita mdomoni. Maji machafu, mikono haijanawiwa, watoto kulishana. Watu wengi sana wako naye, na wengi hawaumwi kamwe."

Saada alisimama, mikono kiunoni. "Kwa hiyo si pilipili yangu!"

"Pilipili inaweza kumchoma kama kidonda kiko. Lakini haikuchimba kidonda. Hata maziwa, Baba Nasra. Yanatuliza kidogo, kisha tumbo inamwaga asidi zaidi."

Saada alimgeukia mume wake. "Nadai uniombe msamaha. Na msamaha wa viazi pia."

Idrisa alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Peninah hakumaliza. Alimuuliza kama ametapika damu, au amepata choo cheusi kama lami, au amekonda. Idrisa alikana yote.

"Sawa. Lakini ukiona damu au choo cheusi, usingoje kesho. Enda hospitali saa hiyo hiyo. Na ni dawa gani zingine unatumia?"

"Diklofenaki tu, ya mgongo. Kiti cha basi kinanimaliza."

"Wacha hiyo! Diklofenaki na brufeni pia huchimba tumbo. Mwambie daktari akupe kitu kingine cha mgongo. Halafu omba kipimo cha bakteria."

Wiki iliyofuata, Idrisa alikwenda kituo cha afya. Aliambiwa asile kitu asubuhi, akatii. Daktari, aliyejua Kiswahili kidogo, alimsikiliza, akamwachisha diklofenaki, akampeleka chumba cha vipimo. Huko alimkuta nesi asiyejua Kiswahili. Kiarabu cha Idrisa kilikuwa cha barabarani, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabu abiria. Nesi alimpa mfuko mdogo wenye mrija. Alimwonyesha kwa vitendo: pumua ndani, puliza.

Idrisa aliganda.

Yeye mfuko wa namna hiyo hakuwahi kuuona. Lakini kupuliza alikujua. Kazini kwake, baadhi ya asubuhi, msimamizi wa mabasi alisimama getini na kidude cha kupima pombe. Kila dereva alipuliza. Aliyepatikana na pombe alifukuzwa kazi na kurudishwa kwao. Idrisa hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Na sasa hospitali nayo inamtaka apulize! Nani amemsingizia? Majibu yatapelekwa kwa nani?

"La, la," alimwambia nesi. "Ana muslim. Mafi sharab." Alitaka kusema kwamba yeye ni Mwislamu na hanywi.

Nesi alitikisa kichwa kwa upole, akamsogezea mfuko tena. Idrisa aliuweka mezani, akachukua kofia yake, akatoka. Hakutazama nyuma mpaka alipofika kituo cha basi.

Jioni alikaa kimya. Saada hakuuzoea ukimya huo, akaogopa.

"Baba Nasra, wamekwambia una ugonjwa mbaya?"

"Afadhali ugonjwa!" Idrisa alilipuka. "Wamenishuku ulevi! Mimi! Wamenipa mfuko nipulize. Wallahi sirudi tena pale."

Sauti yake ilifika jikoni, na Peninah akaja na mwiko mkononi. Alipoelezwa, alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Aki Baba Nasra, utaniua! Hakuna mtu alikuwa anakupima pombe. Hicho ndicho kipimo cha bakteria!"

"Bakteria yuko tumboni. Pumzi inatoka mapafuni. Usinichezee, shemeji."

Peninah alijifuta machozi. Kisha alieleza polepole, maana aliona kwamba Idrisa ameumia kweli.

"Unapuliza mfuko wa kwanza kabla ya kunywa kitu. Halafu unapewa kinywaji maalumu. Kwa mtu asiye na huyo bakteria, kinywaji hakifanyi kitu. Lakini helikobakta akiwa tumboni, anakivunja kile kinywaji. Kikivunjika kinatoa gesi. Gesi inaingia kwa damu. Damu inaipeleka mapafuni. Wewe unapumua, inatoka. Baada ya muda unapuliza mfuko wa pili. Wanalinganisha mifuko miwili. Umeelewa?"

Idrisa alifikiri. "Kwa hiyo anajifichua mwenyewe kwa kula?"

"Kabisa. Hakuna mpira wa kumeza, hakuna sindano."

"Na bosi wangu hapelekewi?"

"Bosi wako ana haja gani na hewa ya tumbo lako?" alisema Saada. Wote watatu wakacheka.

Idrisa alirudi kituoni. Nesi alikuwa yule yule. Idrisa aliweka mkono kifuani kumwomba radhi, kisha akapuliza kwa nguvu hata macho yakamtoka. Nesi alimwashiria apunguze, si mashindano. Alikunywa kinywaji, akasubiri, akapuliza tena.

Majibu yalitoka. Bakteria alikuwepo.

Idrisa alifurahi kama mtu aliyepewa likizo. Miaka yote hiyo adui hakuonekana. Sasa alikuwa na jina. Daktari alimpa antibiotiki za aina mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Alimweleza kwa nini dawa ni nyingi. Huyu bakteria ni sugu, dawa moja haimmalizi. Anywe zote kwa wiki mbili bila kuruka hata mara moja.

Dawa zilimwachia ladha chungu mdomoni, kama ya chuma. Tumbo lilivurugika kidogo. Lakini kabla wiki ya kwanza haijaisha, maumivu yalikatika. Idrisa alilala usiku kucha. Asubuhi aliimba bafuni. Jioni Saada alimkuta akifunga vidonge vilivyobaki ndani ya karatasi.

"Unampelekea nani?"

"Salim." Salim alikuwa dereva mwenzake, aliyekaa katika kambi ya wafanyakazi. "Naye tumbo linamsumbua. Mimi nimeshapona. Nikale dawa za nini, na mwenzangu anaumia?"

Idrisa alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa, na Saada alimpenda kwa hilo. Lakini leo alimpokonya karatasi.

"Umepona au umetulia? Dar si ulitulia vilevile?"

Saada aliificha karatasi nyuma ya mgongo wake.

"Ukiacha leo, wale waliobaki tumboni watakuwa wameizoea dawa. Kesho haitawaua. Na Salim utampa nusu ya dawa, wala hujui kama ana bakteria. Utakuwa umewaharibia watu wawili matumbo kwa mpigo. Mwambie Salim aende kupimwa."

"Haya umeyajua wapi wewe?"

"Peninah alikuwa anasema, wewe ukawa unatafuta kofia yako."

Idrisa alimaliza dawa zote. Salim alikwenda kupimwa mwenyewe. Yeye hakuwa na bakteria. Tumbo lake lilichimbwa na vidonge vya maumivu alivyomeza kila siku kwa sababu ya magoti, na alipewa matibabu tofauti. Idrisa aliposikia hivyo, alimtazama mke wake, akainamisha kichwa kwa heshima ya mzaha.

Lakini je, bakteria alikuwa ameisha? Maumivu kuondoka si ushahidi. Daktari alimtaka asubiri zaidi ya mwezi mmoja baada ya kumaliza dawa, na asitumie dawa ya kupunguza asidi katika wiki mbili za mwisho, ili kipimo kisidanganye. Siku ya kipimo ilipofika, Idrisa alipuliza kwa adabu. Akaketi kwenye benchi na Saada. Hakuwa na utani.

Daktari aliwaita, akawaonyesha majibu. Hakuna bakteria.

"Naweza kufunga?" Idrisa aliuliza kabla hajakaa.

Daktari alimuuliza juu ya maumivu, chakula, usingizi na dawa za mgongo. Kisha alisema, "Funga. Usile kupita kiasi wakati wa kufuturu, na daku usiliache. Maumivu yakirudi, fungua na uje unione."

Idrisa alitoka nje, akasimama ukutani, akalia. Saada alimshika mkono. Hakumwambia anyamaze.

Ramadhani iliingia. Joto lilikuwa kali, na siku zilikuwa ndefu. Siku ya kwanza, Idrisa alikuwa akirudi kutoka Lusail na basi lililojaa watu waliofunga. Jua lilikuwa linazama. Kwenye taa za barabarani walisimama vijana wa kujitolea na vifurushi vya tende, maji na maziwa ya mgando. Huwapa madereva ambao magharibi itawakuta njiani.

Mwaka jana na mwaka juzi, Idrisa alipowaona vijana hao, alipandisha kioo na kutazama mbele. Aliona vifurushi vile ni haki ya waliofunga, naye hakuwa mmoja wao.

Leo taa zilikuwa bado za njano, na yeye alikuwa ameshashusha kioo. Kijana alimpa kifurushi. Adhana ikasikika. Idrisa alikifungua kifurushi, akatoa tende, akasema bismillahi, akala.

Nyuma yake, abiria mmoja alimuuliza kwa sauti, "Dereva, saumu vipi leo?"

"Tamu," alijibu Idrisa. "Tamu sana, ndugu yangu."