Mmea Ulionyweshwa Maji ya Mtoto

Aliyemwonya kwanza ni mwanamke muuza miche wa pale kona. Mama kijana alikwenda kwake jioni, mtoto mgongoni, kutafuta chungu kikubwa. Mmea wa masikio ya tembo, aliouletewa na dada yake yeye alipojifungua, ulikuwa umekipasua chungu cha kwanza. Kila jani lilikuwa pana kuliko sinia.

Muuza miche alicheka, akasema mmea wa namna hiyo mwisho utadai kitanda. Akauliza unawekewa mbolea gani. Mama kijana, kwa aibu, alijibu chini chini kuwa hakuna mbolea. Ni maji tu aliyomwogeshea mtoto. Dada alimsisitizia asiyamwage kwingine.

Kicheko kikakatika. Muuza miche akamtazama mtoto. Miezi minane, na mgongoni alikuwa mwepesi kama kanga tupu.

"Mtoto wa dada yako hajambo?"

"Ameanza kutembea, mama. Yule tuliyekuwa tumemkatia tamaa."

"Kachimbe, mwanangu. Mmea wa hivyo humnywa wa kwako, ukamnywesha mwingine."

Alipofika nyumbani giza lilikuwa linaingia. Alimlaza mtoto, akapiga magoti barazani mbele ya chungu. Harufu ilimpokea kwanza... sabuni ya mtoto, na maziwa. Kwenye ncha ya kila jani lilining'inia tone.

Ti... ti... ti...

Ndani, mtoto akavuta pumzi. Majani yakainuka.

Akaishusha. Majani yakashuka.

Hapakuwa na upepo.

Alizamisha vidole udongoni. Mizizi ilikuwa na joto, kama kwapa la mtu aliyelala. Katikati yake akashika kitu laini. Soksi ya mwanawe, iliyopotea wiki ileile dada alipokuja kumsaidia uzazi. Waliitafuta pamoja, dada aliinama hadi uvunguni. Ndani yake ilikuwa imesokotwa soksi nyingine, kubwa kidogo. Hiyo aliifuma mwenyewe, zawadi kwa mtoto wa dada.

Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye alikikuta ndani ya soksi.

Akapiga simu.

"Dada... nimechimba."

Kule kwa dada, miguu midogo ilikuwa inakimbia sakafuni.

"Wewe utazaa tena," dada alinong'ona. "Mimi ninaye huyu tu. Usiuache ukauke, mdogo wangu. Nakuomba."

Simu ikakatwa.

Asubuhi alimwogesha mtoto kama kawaida, akambeba ubavuni, beseni mkono wa pili. Barazani majani yote yalikuwa yamegeukia mlango. Akasimama. Kutoka ndani ya chungu aliisikia miguu midogo ya jana, ikikimbia, ikikimbia...

Alimpenda mtoto yule wa dada. Yeye ndiye aliyemfundisha kupiga makofi.

Akaupita mmea, akayamwaga maji yote mtaroni.

Mtoto ubavuni akalia. Kilio kinene cha njaa, ambacho hakuwahi kukisikia kwake.

Chunguni, miguu ikanyamaza.

Simu ikaanza kuita. Aliiacha iite.